Mwoga wa Kwenye Matete

Magoti yangu yamechoka kuliko mimi, na mimi nimechoka sana. Mwaka wa kumi na tisa huu natembeza wageni kwenye hifadhi iliyobanwa na maghala ya jiji, nikiwaonyesha ndege ambao nusu yao hawawaoni kwa sababu wanatazama simu.

Kila mwezi tunahesabu. Mimi nasimama ukingo wa mashariki wa kinamasi, na shemeji, mume wa mdogo wangu, anasimama magharibi penye kituo chake cha ulinzi. Katikati ni matete matupu.

Ndege anayetuweka mjini ni mmoja tu, mdogo, wa kahawia, haonekani ng'o. Tunamwita Mwoga. Fomu inakubali hata kusikika, na sisi tumemsikia kila mwezi kwa miaka mitatu. Mkuu wetu alishasema wazi: mwezi huu asiposikika, upande wa magharibi unakwenda kwa wenye maghala, na kazi ya shemeji inakwenda nao. Ana watoto wanne.

Sheria ya kuhesabu ni kusimama kimya saa nzima, usikilize. Saa nzima hiyo magoti yangu hayaiwezi. Kwa hiyo huwa napiga mluzi wa Mwoga, mara moja au mbili, anajibu, naenda zangu kukaa. Sikuona ubaya. Wanaopika hesabu ni wale wa hifadhi ya bwawani, na nimewasema hadi mate yamenikauka.

Leo nilipiga mluzi, kimya. Nikarudia, kimya. Hadi mara ya tano, kimya. Nikampigia shemeji simu.

"Shem, umemsikia?"

"Nimemsikia. Mara tano, upande wako huohuo. Ila leo sikumjibu, jino limenivimbisha shavu lote."

"Kumjibu vipi?"

Akakohoa. "Usinisemee kwa mkuu, shem. Huwa nampigia mluzi kidogo, naye ananijibu. Nachoka kusimama."

Nikakaa palepale kwenye tope. Miaka mitatu, watu wazima wawili na darubini shingoni, tunaitana kwenye matete na kuandikana kwenye fomu. Nilicheka, kisha aibu ikanishika hadi masikioni. Nikamweleza.

"Hizo mara tano," akasema, "zilikuwa wewe?"

"Mimi."

"Sasa utaandika nini?"

"Sijui, shem."

"Na umri huu, nani atanichukua?"

Nilimwonea huruma, nikajionea huruma na mimi, nikakata simu.

Mkuu alitaka fomu saa nne. Nikaitandika juu ya goti, nikatoa kalamu. Hapo mluzi ukaja kutoka magharibi, umejaa mate, umekatika katikati, mluzi wa mtu aliyeshika shavu. Hata mgeni wa siku ya kwanza asingeuamini. Ukanyamaza kidogo, ukaja tena.

Kwenye safu ya kusikika nikaandika sifuri, nikaikoleza mara mbili nisije nikaibadilisha. Kisha nikalowesha midomo, nikamjibu.