Siku Tisa za Baba Akoth

Mwaka wa tisini na tano, ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulimshika Boaz Onyango ubavuni, ukamlaza wiki tatu asiweze kuvaa hata shati. Malengelenge yalipokauka alirudi kazini Rongo, kwenye cherehani yake iliyokuwa barazani mwa duka la vitambaa la Sainab, akaendelea kushona sare za shule. Mkewe, Scovia, alimshukuru Mungu, akadhani mabaya yamekwisha.

Ila Boaz akaacha kula nyumbani. Scovia alisonga ugali, akakaanga dagaa wa omena vile mumewe alivyopenda, naye akamega tonge moja, akaligeuzageuza, akasukuma sahani. Alisema ameshiba, Sainab amempa pilau mchana. Siku ya kwanza Scovia hakujali. Siku ya tano ilimuuma. Mwanamume anayeshiba kwingine, aliwaza, ana kwingine. Tena siku hizi Boaz alikuwa haongei sana, na akiongea aliweka kiganja mbele ya mdomo kama mtu anayeficha pengo.

Siku ya tisa, Boaz akiwa amepeleka sare Asumbi, Scovia alivaa viatu akaenda dukani. Sainab, mama wa makamo aliyekuja kutoka Mombasa miaka kumi na miwili nyuma, alimvutia kiti. Scovia alimwambia kwa adabu, lakini bila kuzunguka, kwamba anashukuru kwa pilau, ila mumewe ana jiko lake.

Sainab aliacha kukunja kitambaa. "Mama Akoth, mimi kila mchana namkaribisha, anakataa. Ananiambia wewe umemfungia chakula, ameshakula."

Wakatazamana. Kumbe siku zote hizo kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayemlisha.

Hasira ikamtoka Scovia. Akakaa kumngoja. Boaz alipofika akisukuma baiskeli, suruali imemning'inia kiunoni, Sainab aliingia ndani akavuta pazia, akawaachia baraza.

"Baba Akoth," Scovia akasema, "fungua mdomo."

Alisita, kisha akafungua. Ulimi na kaakaa vilikuwa vimefunikwa na utando mweupe kama maziwa ya mgando, na pale ulipobanduka palikuwa pekundu, pabichi. Alieleza kwa shida kwamba hata mate yanamchoma yakishuka. Alificha kwa sababu alijua watu wanavyomsema mtu mwenye mdomo kama huo. Aliwasikia wateja papo hapo barazani.

"Sikutaka uchekwe kwa sababu yangu," alisema.

"Wacha wacheke. Kesho tunaenda hospitali."

Huko Homa Bay daktari aliyewapokea, Makori, aliwaketisha wote wawili. Alisema ni fangasi, inayoishi kimya midomoni mwa watu wengi, ikingoja mwili uchoke ndipo isambae. Alimpa Boaz tembe, na dawa ya maji ya njano ya kushikilia mdomoni kabla ya kumeza. Kisha akaomba kumpima damu, kwa kuwa mkanda wa jeshi na fangasi vikifuatana hivyo huenda nyuma yake kuna virusi vinavyoudhoofisha mwili. Boaz aliinamisha kichwa. Scovia akakunja mkono wa blauzi yake, akasema aanze na yeye.

Siku ya nne Boaz alimaliza kikombe cha uji. Wiki ya pili alikula samaki, akanyonya hadi mifupa, na Scovia akatoka nje akalia kidogo peke yake.

Majibu yalisema Boaz ana virusi vya ukimwi, na mkewe hana. Wakati huo dawa za virusi vyenyewe hazikuwafikia watu kama wao. Scovia alimweleza Sainab ukweli wote. Habari ilipoenea, wateja wawili walihamia duka jingine. Sainab hakuwafuata, na cherehani ikabaki palepale.

Fangasi ilirudi mara mbili, na mara zote mbili Boaz alimwonyesha mkewe ulimi siku ileile. Alishona miaka mitatu zaidi, akamwona binti yao Akoth akimaliza darasa la nane.