Hendeli ya Marehemu Kalisti

Tangu asubuhi sikukaa. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena, nikachota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, kisha nikaenda kuchungulia barabara ya Shinyanga kama kuna vumbi. Mama mkwe angekuwa hai angeniuliza kama nimekalia siafu.

Siku hiyo, mwaka wa hamsini na nne, Mgiriki alikuwa anakuja Samuye kutazama gari langu.

Huyu Mgiriki, Bwana Stavro, alikuwa na shamba la mkonge kule Tanga na ugonjwa wa magari makuukuu. Aliyakusanya kama Wasukuma wanavyokusanya ng'ombe: si kwa kula, bali kwa kuyatazama jioni. Ignas, karani wa stesheni ya Shinyanga, alimsimulia habari za gari letu, na mtu mzima akapanda treni kutoka pwani kuja kuliona. Mimi nilicheka niliposikia. Halafu nikaacha kucheka, maana niliona mlango wa kutokea.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, taa zake za shaba, paa la turubai. Liliachwa na mtafuta dhahabu mmoja aliyeshindwa kule Geita, naye akamwachia dereva wake, Kalisti, mume wangu. Kalisti alilipenda kuliko chakula. Kila asubuhi mimi nilikaa kwenye usukani, yeye akasimama mbele na kuzungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia injini, huku akinitazama kupitia kioo. Likiwaka, alitabasamu kama mtu aliyepata mtoto. Watoto wengine hatukujaliwa.

Kabla hajafa alisema mbele ya padri na mbele ya wazee kwamba gari ni la Salvina, yaani mimi. Hilo halikuwa na ubishi. Balaa lilikuwa hendeli.

Kwao Kalisti, matanga yakiisha, mrithi hukalishwa kwenye kigoda na kukabidhiwa upinde wa marehemu. Aliyeshika upinde ameshika nyumba, ng'ombe na mjane. Sasa Kalisti hakuwahi kuwa na upinde, alikuwa dereva. Wazee walipekua nyumba nzima, mwisho wakatoka na hendeli, kwa kuwa ndicho chuma alichokishika kila siku ya maisha yake. Baba Bujiku, ami yake, akaitia mkononi mwa Masele, mdogo wa marehemu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga kichwani, nikawaza: kumbe mtu anaweza kurithishwa kwa kipande cha chuma.

Masele alikuwa na wake wawili tayari, na wote wawili walikuwa na macho ya watu wasiolala vizuri. Nilimchukia, nasema wazi. Kila jioni alikuja kukaa mlangoni kwangu, hendeli imelala mapajani.

"Shemeji," alikuwa akisema, "gari bila hiki ni banda la kuku. Hamia kwangu, nitakuwashia hata leo."

Dada yangu Coletha alikuwa Geita, akiwapikia wachimbaji wa mgodini, na alinitaka nimfuate huko. Lakini ningeondoka hivi hivi Masele angenifuata na chuma chake mkononi, na wazee wangesema ana haki. Nilitaka niuze gari, nipate mtaji, halafu nikimbie. Zaidi ya hapo sikuwa nimefika kwa akili. Usiku nilikuwa nikigeuka kitandani mpaka kamba zinalia.

Mgiriki alifika jua likiwa kali, kapanda lori la pamba, kavaa koti refu la ngozi la kuendeshea gari. Koti, Samuye, mwezi wa tisa! Aliliona gari, akavua kofia. Alilizunguka, akagusa taa, akapiga magoti kwenye vumbi akachungulia chini, akainuka na macho yamelowa. Nilimwonea aibu, kisha nikamwonea wivu.

"Linawaka?" akauliza.

Watu walikuwa wameshajaa uwanjani. Baba Bujiku alikuwa ameletewa kiti. Masele alisimama nyuma, kaegemea mti, hendeli begani, ananisubiri nimwombe.

Sikumwomba. Niliwaita wanawake wenzangu wa kwaya, nikapanda, nikakanyaga klachi, na wao wakalisukuma kwenye mteremko wa kwenda mashamba ya mpunga. Nilivyomwona Kalisti akifanya siku za haraka, ndivyo nilivyofanya: likishika kasi, achia mguu. Gari likaruka, likakohoa moshi mweusi, likanguruma. Kwaya nzima ikapiga kelele. Nililizungusha nikalirudisha uwanjani, na nilipolizima nikamtazama Masele usoni ili aone kwamba chuma chake hakina kazi.

Bwana Stavro alikuwa anacheka kama mlevi. Halafu akaenda mbele ya gari, akaweka kidole kwenye tundu lililo wazi.

"Na hendeli yake?"

"Si limewaka bila hendeli, bwana?"

"Limewaka, mama. Lakini mimi sinunui gari la kwendea sokoni. Nataka kila kitu lilichotoka nacho kiwandani. Likipungua hata kimoja, silichukui."

Nilikuwa nimeuona mlango ukifunguka, na sasa nauona unafungwa na mtu anayependa gari langu kupita kiasi.

Masele akasogea mbele taratibu, anatembea kama bwana harusi.

"Hendeli ni yangu," akasema.

"Unauza?" Mgiriki akamuuliza.

Masele hakunitazama. Alikuwa anatazama koti. Alinyoosha mkono, akapapasa ukosi wa lile koti.

Mimi ni mtu wa kusema, kila mtu Samuye anajua. Lakini pale niliuma ulimi. Nilikuwa nimeelewa kitu kabla yake, nikaogopa hata kupumua kwa nguvu asije akashtuka.

Mgiriki alivua koti bila kufikiri, akampa. Masele akampa hendeli. Akalivaa koti palepale, likamfika magotini, jasho likaanza kumtoka, akageuka geuka ili watu wamwone vizuri.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya Baba Bujiku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu."

"Baba, upinde wa Kalisti uko wapi?"

Mzee alinitazama, akatazama mikono ya Masele. Ilikuwa mifukoni.

"Masele. Upinde wa kaka yako uko wapi?"

"Upinde gani, baba?" Masele akacheka. "Kile kilikuwa chuma cha gari tu."

"Nilikutilia mkononi mbele ya ukoo."

"Ndiyo, lakini..."

"Mrithi hauzi upinde," mzee akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyejikasirikia mwenyewe. "Aliyeuuza hakurithi kitu. Mwacheni huyu mama aende anakotaka."

Masele alianza kulivua koti, mkono mmoja ukakwama, akamkimbilia Mgiriki akiburuta upande mmoja wa koti. Bwana Stavro hakumsikia hata kidogo. Alikuwa anaifuta hendeli kwa leso yake.

Bwana Stavro alinilipa fedha za gari mbele ya mzee, nikaingia ndani nikatoka na kifurushi changu. Bwana Stavro alikuwa anakwenda Shinyanga kulipakia gari kwenye treni, na kutoka Shinyanga mabasi ya Geita yapo. Akachomeka hendeli mahali pake, akazungusha mara moja tu. Injini ikaitika.

Akainua kichwa, akanitazama kupitia kioo, anatabasamu kwa kuwa limewaka. Ndipo nilipogundua kwamba nimekaa kwenye usukani. Miguu ilikuwa imenipeleka yenyewe. Nililia mbele ya watu wote, mimi ambaye kwenye matanga walinisema kwamba nina macho makavu.

Alisubiri kando ya mlango, hakunihimiza. Nilipotosheka nikasogea upande wa pili, nikaweka kifurushi mapajani.