Pancha ya Mwalimu

Tulilisikia kabla ya kuliona. Pwata, pwata, pwata, kama mtu anayekimbia huku kandambili ya mguu mmoja imekatika. Nilikuwa namfunga Karani wa benki rola ya kumi na mbili. Nikakiacha kichwa chake hivyo hivyo, nikatoka mlangoni. Mimi kitu kikipita barabarani bila kukiona, siku hiyo hata chakula hakishuki.

Lilikuwa gari jekundu la spoti, viti viwili, limelala chini kama limekaliwa, na upande wa mbele kushoto limeinama kama mtu mwenye jino bovu. Likajikongoja mpaka mbele ya kibanda cha shemeji yangu, fundi wa matairi. Kibanda chake na saluni yangu vinagawana ukuta mmoja. Mlango wa gari ukafunguka, akatoka Mwalimu: mguu kwanza, kisha mkono, kisha mwili mzima, kama anayetoka kwenye beseni.

"Fundi!" akaita hata kabla hajasimama wima. "Saa ngapi sasa?"

"Tatu kasorobo," nikajibu mimi, maana nilikuwa nimeshafika.

Sasa nikwambie huyu Mwalimu ni nani. Miaka thelathini na mbili amefundisha watu udereva, kwenye kigari cha shule chenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Mtaa mzima umepita mikononi mwake. Alipostaafu, watoto wake walijua mama ataongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba. Mama akanunua hili jekundu. Wakaitisha kikao cha familia, wakasema wee, wakalia wee. Kikao kikaisha, gari likabaki.

Na alilinunua kwa ajili ya jambo moja tu: mbio za magari zinazofanyika mara moja kwa mwaka kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Mwaka juzi waandaaji walimkatalia, wakasema umri. Mwaka jana wakasema fomu yake haionekani. Mwaka huu akapeleka fomu nne, akakaa mlangoni pao mpaka zote zikapigwa mhuri. Wakamkubali shingo upande, wakampa na sharti: saa nne kamili gari liwe kwenye mstari. Ikizidi dakika moja, jina linafutwa.

Saa nne kamili, leo hii. Na kutoka kwetu mpaka uwanjani ni dakika ishirini ukiwa na bahati.

"Tairi la akiba liko wapi?" shemeji akauliza, huku analizunguka gari.

"Magari haya hayaji na akiba. Yanakuja na chupa ya dawa ya kuziba, na dawa yenyewe imekauka."

Hapo watu wakaanza kutazamana. Maana kila mtu pale anajua: shemeji alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, na mara tatu Mwalimu alikataa kumpeleka kwenye mtihani. Sababu? Kila akisalimiwa njiani anageuza shingo aitikie vizuri. Wenzake wanatazama barabara, yeye anatazama nani kamwita. Mpaka leo anaziba matairi ya mji mzima, na nyumbani anarudi kwa baiskeli.

"Haya, kibao kimegeuka," akasema Mama Pacha, mteja wangu mwingine, aliyetoka na taulo mabegani na povu kichwani. "Fundi, mwambie na yeye hajaiva, arudi wiki ijayo."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamtazama shemeji.

"Tairi halijanikosea kitu," shemeji akasema, akaburuta jeki.

Jeki yake ni ya kuinulia malori ya mchanga. Aliisukuma chini ya gari, ikaingiza pua tu, ikagoma. Akalala kifudifudi, akachungulia, akainuka na vumbi kidevuni.

"Haipiti. Na nikilisogeza lipande kwenye ubao, rimu inapinda."

"Basi tuliinue," akasema Mama Pacha.

"Tuliinue na nini?"

"Na mikono, na nini tena? Mimi nilibeba wawili miezi tisa, kigari hiki ni nini?"

Usicheze na wanawake waliokaa saluni tangu asubuhi. Tulijipanga kama tunaokwenda kupigwa picha: mimi, Mama Pacha, Karani na rola zake kumi na moja, wateja wawili waliokuwa wanasubiri kusukwa, na muuza magazeti ambaye kaja kuangalia tu akajikuta ameshika.

"Msishike hapo!" Mwalimu akapiga kelele. "Hiyo plastiki! Shikeni chini, kwenye chuma! Migongo wima!"

"Ndiyo, Mwalimu!" tukaitikia wote, kama tumerudi darasani.

Moja, mbili, tatu! Likainuka. Naapa liliinuka. Rola ya Karani ikafyatuka ikampata muuza magazeti shavuni, akashika vile vile. Shemeji akapenyeza jeki, akapiga kofi bodi, "Shusheni!" Tukashusha, tukapiga vigelegele kama tumetua mzigo wa bandari.

Gurudumu likatoka. Saa tatu na dakika tatu. Akalijaza upepo, akalizungusha, akalipapasa. Hakuna msumari. Pancha yenyewe ilikuwa ya kunong'ona, ile mbaya kuliko zote, inayotoa upepo taratibu na haijionyeshi.

"Sabuni imeniishia," akasema.

"Sabuni?" nikamwambia. "Shemeji, umepakana na saluni, unalilia sabuni?"

Nikaja na shampuu, chupa kubwa. Nikamimina kama ninavyomimina kwenye kichwa chenye nywele nyingi, nikasugua kwa vidole vyote kumi. Povu likapanda, likashuka, likamfika shemeji kwenye viwiko. Akalifukua, akapuliza, akasogeza jicho karibu, na baada ya dakika nzima akaliona: kipovu kidogo kinachokua, kinapasuka, kinakua tena. Akakausha hapo kwa kidole, akachora duara la chaki, akaingia ndani kutafuta vyuma vya kufungulia tairi.

Na sisi sasa. Jamani, mtu wa saluni haachi kichwa na povu. Sijui ni nani alianza, nadhani ni mimi. Tulilisuuza lile tairi, Mama Pacha akalifuta kwa taulo lake, nikalipitishia na taulo langu, likang'aa likawa kama limetoka dukani leo. Tukasimama pembeni tunajipongeza.

Shemeji akatoka na vyuma. Akaliangalia tairi. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Alama yangu iko wapi?"

Taulo mkononi mwangu lilikuwa na chaki.

"Shemeji, tulikuwa tunalisafisha kidogo..."

"Kwani linakwenda harusini?"

Mwalimu alikaa kwenye kizingiti, akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakugomba. Angegomba ningepona. "Miaka mitatu," alisema polepole. "Miaka mitatu nawabembeleza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na taulo langu.

"Mimina tena," Mama Pacha akasema.

"Hapana. Shampuu yenu ina mafuta, sasa litatoa povu kila mahali kama nguo iliyolowekwa." Shemeji akafuta mikono kwenye suruali. "Nitatafuta kwa shavu. Lakini nataka kimya. Nikisema kimya, sisemi mnong'one. Kimya."

Akazima kompresa ya upepo. Karani akakimbia kuzima redio yangu na vikausha nywele. Shemeji akalowanisha shavu lake la kushoto, lile asilofuga ndevu kwa ajili ya kazi hii hii, akapiga magoti, akaanza kulizungusha tairi mbele ya uso wake, polepole, kama anayesikiliza siri.

Na ndipo mtihani wangu ulipokuja. Ng'ambo ya barabara ikasimama teksi, na nani anashuka? Mshona nguo, yule aliyetuapia juzi kwamba wanaume basi tena. Nyuma yake akashuka bwana mrefu, viatu vinang'aa, kambebea mkoba! Mkoba! Nikamtazama Mama Pacha, na yeye ameona. Macho yamemtoka. Nikaingiza taulo mdomoni nikaling'ata. Karani machozi yanamtiririka. Watu wote tumesimama pale na habari ya mwezi mzima inavuka barabara mbele yetu, na hakuna aliyethubutu kusema "He!"

Shemeji akasimamisha mkono. Akarudisha tairi nyuma kidogo. Akafumba macho.

"Hapa."

Alichomoa kwa koleo kipande cha waya kifupi kuliko ukucha, chembamba kama unywele wa ufagio. Tukalipuka wote kwa pamoja, huyu anapiga makofi, yule anaropoka habari za mkoba, Mama Pacha anafanya yote mawili.

"Saa tatu na robo," Mwalimu akasema. Alikuwa amesimama tena.

"Nichomeke utambi kwa nje au niweke kiraka ndani?" shemeji akamuuliza. "Utambi ni dakika mbili. Kiraka ni lazima nitoe tairi kwenye rimu."

"Weka kiraka. Kwa mwendo ninaokwenda nao leo, utambi utaruka."

"Mwendo gani huo, Mwalimu?"

"Ule niliokukataza."

Shemeji alicheka mpaka akaangusha chuma. Kisha akaanza kazi, na mtu akikwambia fundi wa matairi ni mtu wa kupiga nyundo tu, mwambie hajaona. Alifunika ukingo wa rimu kwa taulo zangu isipate mkwaruzo, akabenua tairi inchi kwa inchi, mishipa ya shingo imemsimama. Lilipoachia, ndani kulikuwa na unyevu.

"Gundi haishiki maji," akasema, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshavuta waya wa umeme dirishani, kikausha nywele mkononi. Nikalikausha tairi lile kama namkausha bibi harusi, safari hii bila kugusa kitu. Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi, nikaipulizia mpaka alipotikisa kichwa kwamba basi. Akaweka kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo midomo ikicheza. Akarudisha tairi, akawasha kompresa.

"Rudini nyuma. Litalia."

Pa! Karani akaruka. Pa! Tukaruka wote. Tairi likawa limekaa kwenye rimu yake. Shemeji akaweka shavu pale palipotoboka, akangoja, akatabasamu.

Gurudumu likarudi, nati zikakazwa kwa kupishana, tukaliinua gari tena jeki itoke. Saa tatu na dakika thelathini na nane. Mwalimu alikuwa ameshawasha injini, na injini ile haisikiki kwa masikio, inasikika tumboni.

"Hizi nati sharti nizikaze tena ukifika," shemeji akamwinamia dirishani. "Kwenye rimu za aina hii hulegea kidogo mwanzoni."

"Basi panda."

"Mimi?"

"Na spana yako. Panda, unanichelewesha!"

Akajikunja, akaingia, magoti yakamfika kidevuni. Gari likaondoka, likatuachia vumbi na harufu ya mpira.

Hakuna aliyerudi kwenye kiti chake. Ilipofika saa nne kasoro dakika nane, nikampigia shemeji, nikaweka simu kwenye sauti ya juu, juu ya meza ya vioo. Saluni ilijaa, watu wamekaa hata kwenye masinki.

"Mko wapi?"

"Getini!" Nyuma yake honi zinapiga. "Foleni ya watazamaji! Mlinzi anasema mlango wa washiriki umeshafungwa, anataka tuzunguke!"

"Asizunguke!" Mama Pacha akaiambia simu.

Tukamsikia Mwalimu, sauti ile ile ya miaka yote: "Kijana, soma karatasi hii. Mhuri huu ni wa nani? Sasa fungua." Kisha chuma kikaburutwa, na shemeji akapiga kelele: "Kafungua! Kafungua! Tumeingia!"

"Saa nne kasoro dakika tatu," Karani akasema, ameshika saa ya mkononi kwa vidole viwili kama inaunguza.

Ikaja milio ya spana, krr, krr. Shemeji anapumua kama mbio anakimbia yeye. Sauti ya mwanaume ikasema, "Mama, dakika moja, mtoe huyo mtu kwenye gurudumu." Krr. "Mama!" Krr.

"Tayari!" shemeji akasema. "Zimekaa zote! Mwalimu, nenda!"

Injini ikanguruma, ikasogea, ikatulia. Kipaza sauti kikaanza kusoma namba za magari mstarini, moja baada ya nyingine, na sisi tumeshikana mikono watu wazima kama watoto wanaosubiri matokeo.

"Namba kumi na tisa," kipaza sauti kikasema. "Ipo."

Saluni yangu nusura ing'oke paa. Sikusikia bendera ikishushwa, nilisikia tu ngurumo ikivuma kwenye simu mpaka simu ikatambaa yenyewe mezani, na shemeji ndani ya ngurumo ile anaita kama kichaa: "Kaondoka wa nne! Anampita mmoja! Kona, kona, anaingia kona..."

"Tairi, shemeji! Tairi je?"

"Limeshika! Jamani, limeshika! Sasa ni wa tatu! Na bado mizunguko tisa!"

"Tisa?" Mama Pacha akasimama. "Yote tisa tusikilize kwenye simu? Kwani sisi tumefungwa?"

Tukatoka kama tulivyo, Karani na rola zake, Mama Pacha na povu limemkauka kichwani, mimi na kitana mkononi, tukaisimamisha pikapu ya muuza magodoro iliyokuwa inapita, tukapanda nyuma kabla hajakubali, tukampigia bodi: twende, baba, uwanjani, kanyaga!