Vikombe Vitatu vya Waridi

Hoteli ilikuwa imelalamika mara mbili. Shira ya waridi, iliyomjengea Mama Shira jina hata jina lake halisi likasahaulika, wiki hii ilikuwa tamu, wiki ijayo chungu. Binti yake, aliyeoka naye mikate kwa miaka kumi na mmoja, aliisoma barua ya hoteli akiwa amesimama karibu na tanuri.

"Kosa ni la kikombe," alimwambia kaka yake, aliyekuwa akisambaza mikate kwa wateja. "Maua makavu yana hila. Yakiwa mazima, kikombe hakizidi gramu kumi na tatu. Yakivunjikavunjika huko gunia linakotoka, kikombe hicho hicho kinabeba ishirini na zaidi, na shira inakuwa chungu. Tupime kwa uzito."

Akanunua mizani ndogo. Mama alipoiona alicheka kwa dharau. "Mkono wangu ndio mizani, mwanangu. Vikombe vitatu kwa sufuria, basi."

"Nakubali, mama. Nataka tu kuuandika huo mkono wako."

Siku tatu mfululizo mama alijaza kikombe, binti akapima. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mkono haukutetereka hata chembe, na gunia lilikuwa la maua mazima matupu. Binti akabaki ameduwaa. Sasa uchungu ulitoka wapi?

Alhamisi asubuhi akaacha kukanda unga, akakaa kumtazama mama akipika. Kikombe cha kwanza kikaingia, cha pili, cha tatu. Mama akakoroga, akafuta mikono kwenye aproni, akaangalia dirishani kidogo. Kisha akachota kikombe kingine. Na kingine.

Binti akahesabu vidoleni. Vikombe vitano, tena vilivyojazwa sawasawa kabisa.

"Mama, umetia vingapi?"

Mama akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa punje za maharage, akazihesabu kiganjani mara mbili. Zilikuwa mbili tu.

"Kila kikombe naweka punje mfukoni," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nasahau hata kuweka punje."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Nilidhani mnanichezea, mnaniongezea maua sufuriani. Niligombana na kaka yako bure."

Binti alitaka kusema ni uchovu tu, akaacha. Akazima jiko. Wakaimwaga ile shira, sufuria nzima, wakaisikia ikigugumia kwenye bomba la maji machafu.

Kaka alipoambiwa alitaka mama apumzishwe nyumbani siku hiyo hiyo. "Leo ni shira," alisema. "Kesho atasahau moto."

"Moto nitaulinda mimi. Jumatatu tunampeleka kwa daktari. Lakini ukimtoa jikoni kwa ghafla, utakuwa umemzika akiwa hai."

Wakabishana mpaka kaka akachoka, akaenda zake bila kuaga.

Jioni binti alipima maua, gramu thelathini na sita kwa kila mfuko, akafunga mifuko kumi. Mama alikaa pembeni akimtazama.

"Mfuko mmoja, sufuria moja?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nami nitakuwepo."

Mama akachukua mfuko mmoja, akaupimia mkononi, akaitikia kwa kichwa polepole. "Uzito uko sawa," alisema, na machozi yakamtoka.