Mwaridi wa Reine

Hortense alijua, tangu siku ulipokatwa, kwamba mwaridi wa mwanawe umekufa. Alijua pia nani aliyeuua. Akanyamaza, maana alitaka mumewe Mumbere aseme mwenyewe.

Haya, tuanze pale panapouma. Reine alikuwa mtoto wao wa pekee, kitoto chenye mapengo mdomoni na kichwa kigumu. Siku moja walipopita kwenye vitalu vya maua kando ya barabara, aling'ang'ania mwaridi mmoja ndani ya mfuko mweusi wa nailoni, kisa una ua moja jekundu, na hakuna aliyeweza kumbandua pale. Wakaununua, wakaupanda mbele ya vyumba viwili walivyopanga Makindye, kwenye kiwanja cha Hajati Kaltumi, mama wa Kinubi. Hortense akamfundisha mtoto: ua likinyauka, likate, mti utaleta jingine. Basi Reine na mkasi wake wa shule, kata hapa, kata pale, na mti nao haukuchoka. Mvua inyeshe, jua liwake, mekundu tu yanatoka.

"Mama, huu mti hauna likizo!" alicheka.

Kisha malaria ikampanda kichwani, na kabla watu wa kanisani hawajamaliza kuambiana wamwombee, Reine hayupo.

Na umzike wapi? Majirani zao Waganda hubeba maiti wao wakarudi naye kijijini, wakamzika nyuma ya nyumba, ukiamka unamwona mtu wako. Wao kwao ni Beni, na Beni watu wanaikimbia kwa ajili ya vita. Wakamzika makaburi ya mjini, mbali, amebanwa katikati ya watu wasiomjua. Ndiyo maana kila asubuhi Hortense alichuchumaa mbele ya mwaridi akasema, "Umeamkaje, mwanangu?" Hapo ndipo palikuwa kaburi lake. Mahali pengine hakuwa napo.

Mumbere hakuweza hayo. Fundi cherehani yule, mtu wa maneno mengi, mtu wa kumchekesha mteja mpaka asahau kwamba nguo yake haijaisha, alirudi kutoka makaburini bubu. Jina la mtoto halikutoka tena mdomoni mwake. Hata mkewe, aliyekuwa akimwita Mama Reine tangu mtoto akiwa tumboni, sasa akawa "wewe". Wewe, chai iko wapi? Wewe, funga mlango. Neno hilo lilimkata Hortense maini kila alipolisikia.

Halafu mwaridi ukachanua. Lilikuwa ua la kwanza tangu mazishi, jekundu kama kawaida yake, halina habari na msiba wa mtu. Mumbere alilikuta alipotoka kunawa uso. Akaingia ndani, akatoka na panga, akaukata mti mpaka karibu na udongo. Hortense aliporudi kutoka dukani alikuta matawi yamelala chini, na lile ua limo.

"Nimeupogoa," alisema Mumbere bila kumtazama. "Utachipua vizuri."

Kupogoa gani huko? Baba yake Hortense alitunza bustani ya misheni kule Butembo, na binti alikulia miguuni pake. Alijua kwamba mwaridi wa namna ile ni miti miwili: mwekundu umeunganishwa juu ya shina la mwaridi-mwitu, na pale walipokutana pana kifundo. Panga lilikuwa limepita chini ya kifundo. Kilichobaki ardhini hakikuwa cha Reine.

Angesema. Kinywa si alikuwa nacho? Lakini alikuwa na hasira, jamani, hasira ya mwanamke anayelia peke yake kitanda kimoja na mwanamume aliyegeukia ukuta. Alitaka maneno machache tu kutoka kwake: nimeukata mimi, kwa sababu mtoto wetu amekufa nami nimeshindwa. Akiyatoa hayo, watalia pamoja. Akaapa hatamsaidia kuyatoa.

Shina likachipua. Machipukizi yakaja marefu, ya kijani, yenye nguvu, mpaka Hajati Kaltumi akapiga vigelegele barazani kwake. "Wallahi, Mama Reine, mti umefufuka!" Hortense akashika jani moja, akahesabu vijani vinavyoliunda: saba. Mwaridi wa Reine kila jani lilikuwa na vitano.

Mumbere naye akaanza kuamka mapema kuumwagilia maji. Akaomba mbolea ya kuku kwa jirani. Akauchomekea na fito usianguke. Mkewe alimtazama kupitia dirisha akiubembeleza mti usio wenyewe, roho ikamuuma, na bado hakusema. Alimwacha atumaini. Ni ubaya huo, na alijua kuwa ni ubaya.

Vitumba vikatokea. Jumamosi kimoja kikapasuka kidogo, na ndani palikuwa peupe. Mumbere alisimama mbele yake mpaka chai yake ikapoa mezani. Kesho yake akasema tumbo linamsumbua, haendi kanisani.

Hortense aliporudi, Biblia bado iko kwapani, mumewe alikuwa anamngoja nje, shati safi, nywele zimechanwa.

"Njoo uone!" aliita. "Njoo! Umerudi!"

Mwaridi ulisimama mahali pake na ua jekundu, jekundu lile lile. Udongo ulikuwa mbichi. Nyuma ya pipa la maji palionekana mfuko mweusi wa nailoni, umechanika. Hajati Kaltumi, barazani, aliinamia mchele aliokuwa akiuchambua na hakuinua uso.

Hortense akachuchumaa. Vijani vitano. Alitaka kusema, umeamkaje, mwanangu, akajikuta anapapasa udongo mbichi.

"Ule mwingine umeuweka wapi?" aliuliza.

"Mwingine upi?" Mumbere akacheka, kicheko chake cha zamani, cha wateja. "Si ndio huu? Si nilikuambia utachipua?"

"Baba Reine."

Kicheko kikakatika. Mumbere alitazama mikono yake. Alikuwa ameinawa, lakini udongo ulibaki kwenye kucha. Akakaa chini palepale na suruali yake ya Jumapili.

"Nilitaka upate pa kumsalimia," alisema. "Ule niliuua. Ulichanua, Mama Reine. Mtoto hayupo, wenyewe umechanua tu! Niliukata mimi. Halafu nikaumwagilia maji kila siku, nikamwomba Mungu, haukurudi. Haurudi. Reine..."

Hapo Hortense, aliyelala na kuamka akiyadai maneno hayo, alimrukia akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Usiseme," alilia. "Nakuomba, Baba Reine, usiseme."

Lakini midomo ya Mumbere iliendelea kwenda chini ya viganja vyake, na kila neno alilisikia.