Ubao wa Rolf

Mjini kwetu, ukitaka kujua nani alimaliza sekondari, huna haja ya kuuliza. Tembea tu. Benchi la mbele ya posta lilijengwa na Marlys Hoppe, ambaye siku hizi anauza nyama. Limeinamia kushoto kidogo, kama Marlys mwenyewe anapocheka. Samaki wa chuma anayekupokea unapoingia mjini alichomelewa na mtoto wa mchungaji, na meno yake ni ya uma za jikoni kwao. Saa ya kwa kinyozi haijasema kweli tangu Gordy Lund alipoiunda na kuitundika, lakini hakuna aliyethubutu kuishusha. Tumezoea kujumlisha dakika kichwani.

Yote hayo ni kwa sababu ya Mradi. Sekondari yetu, huku kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, haikumpa mtu cheti bila Mradi. Mwaka wa mwisho ulichagua jambo usilolijua, ukatafuta mtu wa mjini asiye ndugu yako akufundishe, ukahangaika nalo majira yote ya baridi, na mwezi wa tano ukasimama mbele ya waamuzi wanne kulionyesha. Jambo lenyewe lilipaswa kutajwa kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Shule ilifungwa wiki ile, na mwalimu wetu, Bwana Pelkey, alikuwa akisema mtu akishashika bunduki hashiki tena kalamu.

Mwaka wangu ulikuwa 1994. Msimu wa kulungu ulikuwa wiki moja mbele, na darasa zima lilikuwa limeshachagua isipokuwa mimi.

"Oka keki ya harusi kama mimi," alinishauri Connie Zielke, rafiki yangu. "Ikiharibika, unakula ushahidi."

"Na harusi ya nani?"

"Yako, ukiendelea kukaa hapa shuleni mpaka uzeeke."

Nilikuwa na karatasi nyumbani niliyoandikia mambo na kuyafuta: kufuga nyuki, kupiga kinanda cha kanisa, kushona koti. Kila jambo nililipima hivi na vile, na kila jambo lilikuwa zuri, na hakuna hata moja lililonishika. Mama alisema nilikuwa hivyo hata dukani, mbele ya peremende.

Ijumaa ile halmashauri ya mji ilipigilia tangazo kwenye daraja la Rolf.

Rolf ni kaka yangu. Miaka saba kabla yangu, Mradi wake ulikuwa daraja la miguu juu ya kijito kinachotenganisha nyumba zetu na mji. Kabla ya hapo watu wa upande wetu walizunguka kwa barabara kuu, ambako malori ya magogo hayakujali mtu. Alilijenga kwa mbao za msonobari alizopewa bure, na zikamwishia akiwa hajamaliza. Akaenda kung'oa kipande cha mwaloni kwenye sakafu ya ghala la babu, akakipigilia pale penye nafasi, kikawa ubao wa tatu kutoka ng'ambo, upande wa mjini. Kilikuwa kinene kuliko mbao nyingine. Kikachomoza juu kwa unene wa kidole.

Waamuzi wa mwaka ule walijikwaa mmoja baada ya mwingine, wakampitisha hivyo hivyo. Kiangazi hicho hicho akaenda Alaska kutengeneza injini za ndege ndogo, na huko akabaki. Sisi tuliobaki tulijifunza kunyanyua mguu. Kina mama waliwaambia watoto, "Ubao!" na watoto wakaruka. Mgeni tulimtambua kwa kishindo chake.

Mama alipita pale asubuhi na jioni, kwenda na kurudi jikoni kwenye nyumba ya wazee alikopika. Hakuwahi kuangalia chini. Mguu ulijinyanyua wenyewe, na kila mara mkono wake uligusa ukingo, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake anapopita zizini.

Tangazo lilisema daraja limeoza, na litaondolewa barafu ikiyeyuka. Halikusema litajengwa jingine.

Jioni ile tulikwenda kula samaki wa Ijumaa kwenye baa kama kawaida, na habari ilikuwa imetutangulia.

"Ardis," Verlyn wa halmashauri alimwita mama, akiwa na aibu usoni, "usinichukie. Mguu wangu ulizama kwenye ubao mmoja mpaka gotini."

"Kwa uzito huo unazama hata kwenye sakafu ya kanisa, Verlyn," mtu akasema, na watu wakacheka.

"Na mtajenga jingine?" mama aliuliza.

"Tukijaliwa. Si mwaka huu. Wala ujao, nadhani."

"Basi nitazunguka. Miguu ninayo."

Alisema kwa upole, akaendelea kula kabichi yake. Lakini tulipokuwa tunarudi alisimama katikati ya daraja muda mrefu kuliko kawaida, na mimi nikasimama nyuma yake. Ndipo karatasi yangu ya nyumbani ilipokosa maana. Nilijua nataka nini.

Jumapili Rolf alipiga simu. Nikamweleza.

"Lile daraja bado limesimama?" Alicheka mpaka akakohoa. "Dori, nilikuwa na miaka kumi na saba! Nusu ya ile misumari niliikunja, nikaigonga kwa pembeni isionekane. Lipigeni kiberiti."

"Mama analipenda."

"Mama anapenda hata ile sweta yangu yenye matundu."

"Mama anakupenda wewe, na wewe hupo. Daraja lipo."

Nilisikia upepo wa kwao ndani ya simu. "Sawa, mdogo wangu," akasema mwishowe. "Fanya unavyoona. Lakini usimwambie mtu kuhusu misumari."

Bwana Pelkey alinisikiliza akiwa ameweka kalamu chini, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

"Kulikarabati daraja la kaka yako," alirudia. "Nikiulizwa na waamuzi Mradi huu ni wa nani, niseme wa Skogen yupi?"

"Wangu, mwalimu."

"Mbao zake, umbo lake, kazi yake. Chako ni kipi?" Hakusema kwa kunidharau. "Na unajuaje kama linakarabatika? Nenda kamwone Lucille Zastrow. Mwulize yeye kwanza, halafu uniambie Ijumaa. Ijumaa, Doreen. Siyo Jumatatu."

Bi Lucille alikuwa akijenga magati ya maziwani na mumewe, na mumewe alipoumia mgongo akaendelea peke yake. Majira ya kupukutika majani ungemwona kiunoni majini, amevaa viatu vya mpira vya kufika kifuani, akiyavuta magati nchi kavu kabla barafu haijayasaga. Alikuja kijitoni na nyundo na bisibisi tu. Alishuka chini ya daraja, akagonga boriti ya kwanza.

"Sikia," aliniambia. Sauti ilikuwa butu, kama ya kugonga mkate. Akagonga ya pili. Vile vile. Akachomeka bisibisi kwenye mti, na bisibisi ikaingia mpaka mpini.

"Nani aliyeipigilia misumari hii kwa pembeni?"

Nikatazama maji.

"Haya. Binti, hapa hakuna mgonjwa wa kutibu. Ukibadilisha mbao za juu unazika maiti kwa suti mpya. Hili ni la kuvunja, kisha kujenga toka chini. Ukitaka hivyo nitakufundisha. Ukitaka kulibembeleza, tafuta mtu mwingine."

"Hakuna hata ubao mmoja mzima?"

Alipanda juu, akagonga mmoja mmoja akirudi nyuma. Alipofika ule wa tatu kutoka ng'ambo, nyundo ililia kama kengele.

"Huu," alisema. "Huu utatuzika sote."

Kwa hiyo nilikuwa na Mradi. Kilichobaki ni kumwambia mama kwamba Mradi wangu ni kulivunja daraja la Rolf. Nilikwishaamua moyoni kwamba akikataa, nitafuga nyuki.

Alhamisi mchana nilimkuta jikoni akimenya viazi. Baba alikuwa ameshakwenda kwenye kambi ya uwindaji kuandaa majiko na wenzake, na nyumba ilikuwa kimya. Nilimweleza yote kwa utaratibu, tangu boriti hadi bisibisi. Misumari niliiacha.

"Kwa hiyo utalivunja," alisema.

"Halmashauri italivunja hata nikikaa kimya, mama. Mimi nataka liwepo jingine."

"Jingine." Alimenya kiazi kile mpaka kikabaki kidogo kuliko yai. "Wakati analijenga nilikuwa namletea chai pale chini. Hakuwahi kuinywa ikiwa moto. Alikuwa anasema, mama, iweke hapo, naja."

Alifuta mikono, akavaa koti, akatoka, nami nikamfuata. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza, ile nyepesi isiyoamua kama itue au ipite. Alivuka mpaka ng'ambo, akinyanyua mguu pale pake, akageuka, akarudi, akanyanyua tena. Kisha akasimama mbele yangu.

"Na ule ubao nao umeoza?"

"Bi Lucille anasema ni huo tu ulio mzima."

Theluji ilimkaa nyusini.

"Basi mwambie mwalimu wako ndiyo," alisema. "Lakini ubao unarudi mahali pake. Wa tatu kutoka ng'ambo. Siyo wa pili, siyo wa nne."

Ijumaa nilimwambia Bwana Pelkey: kujenga daraja. Alichukua kalamu, na Connie akapiga makofi peke yake darasani.

Majira yale ya baridi niliishi kwenye banda la Bi Lucille. Nilijifunza kusoma mishipa ya mti, kunoa msumeno, kungoja. Zaidi ya yote kungoja. Tulilivunja daraja la zamani wakati kijito kimeganda, tukisimama juu ya barafu, na kila msumari uliokunjwa niliutia mfukoni kabla mtu hajauona.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja. Bi Lucille alikataa ubao unaochomoza.

"Sijengi mtego," alisema. "Mtu akivunjika shingo, jina litakalotajwa ni langu. Na waamuzi hawatakupitisha."

"Kaka yangu walimpitisha."

"Kaka yako alikuwa na uso wa kuhurumiwa."

Kuupiga randa juu sikutaka, kwa sababu pale juu ndipo miguu ya mji mzima ilipopita. Nilifikiri siku kadhaa. Mwishowe nilichonga boriti chini yake, kwa unene wa kidole, ubao ukakaa ndani na uso wake ukawa sawa na wenzake. Bi Lucille alipitisha kiganja juu yake mara mbili, akasema, "Hm," na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Lakini mimi niliogopa. Nilimwahidi mama ubao mahali pake, na sasa ulikuwa pale bila kuchomoza, kana kwamba si ule.

Mwezi wa tano waamuzi walikuja kijitoni kwa miguu, pamoja na nusu ya mji. Marlys Hoppe alikuwa wa kwanza kuvuka. Alipofika wa tatu kutoka ng'ambo alinyanyua mguu. Verlyn akanyanyua. Mchungaji naye akanyanyua. Mwamuzi wa nne, mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka Milwaukee, alipita moja kwa moja, kisha akageuka kuwatazama wenzake na kuangalia chini alichokanyaga.

"Kuna nini hapa?" aliuliza.

Hakuna aliyeweza kumweleza vizuri. Waamuzi wakanipitisha.

Rolf alikuja kwa mahafali, mnene kidogo, ana ndevu. Asubuhi iliyofuata mama alimwomba amsindikize kazini, nami nikaenda nao. Mama alivuka mbele, mkono wake ukigusa ukingo mpya, na mguu ukajinyanyua. Nami nikanyanyua wangu. Rolf alitembea tu, maana aliondoka kabla ya kujifunza.

"Mnaruka nini nyie?" aliuliza.

"Ubao wako," mama akasema.

Alitazama chini, akautambua, ule wa ghala la babu. Hakucheka. Alirudi peke yake mpaka upande wetu, akaanza kuvuka upya, na karibu na ng'ambo akanyanyua mguu juu kabisa kama kulungu anayeruka ua.

"Huo ni wa nne, Rolf," mama alimwambia. "Wa tatu, mwanangu. Rudi tena."