Povu Ndani ya Lifti

Lifti ilikwama kati ya ghorofa mbili, na mjukuu wangu akaanguka kifafa miguuni pangu. Tulikuwa watatu tu: mtoto huyo, mimi, na fundi cherehani mmoja, mwanamke mnene aliyekumbatia furushi la nguo. Nilimlaza mtoto ubavu, nikamwekea koti langu chini ya kichwa, nikamlegezea kola.

“Mzee, mtie ufunguo menoni, atang'ata ulimi,” alisema fundi, akijibana ukutani.

“Hatiwi kitu kinywani, mama, wala hashikwi kwa nguvu. Huachwa mpaka mtikisiko ukome.”

“Na hilo povu? Si linaambukiza?”

“Ni mate tu. Yangekuwa yanaambukiza, mimi ningekuwa nimeanguka zamani.”

Hakucheka. Nilitazama saa yangu. Daktari aliagiza kwamba kifafa kikipita dakika tano, mtoto apelekwe hospitali mara moja. Nami nilikuwa nimefungiwa ndani ya sanduku la chuma. Nilibonyeza kengele tena na tena, isiitikiwe. Maisha yangu yote nimezoea kuamuru na kutiiwa, lakini mlango haujui adabu.

Kabla ya dakika ya tano, mikono ya mtoto ilitulia. Baada ya kitambo akafumbua macho, akamwona fundi amejibana.

“Babu, nimemtisha shangazi?”

Fundi alishusha furushi lake, akapiga magoti, akachomoa kipande cha kitambaa kipya na kumpangusa kinywa taratibu.

“Mimi naogopa lifti, mwanangu,” alisema.

Mlango ulikuwa ungali umefungwa.